Bi Shemsa na Gauni la Mazingaombwe

Bi Shemsa Mkadam hapimi mtu kwa futi. Futi anayo, inamning'inia shingoni tangu asubuhi mpaka sala ya Isha, lakini hiyo ni ya kuwaridhisha wateja tu. Yeye anakutizama ukiwa bado umesimama mlangoni, anakwambia "Haya, kaa kitako," kisha anasema Bismillahi na kutia mkasi. Mimi ananishonea tangu tuko wasichana, na sijapata kumrudishia nguo hata moja.

Tumesoma pamoja, dawati moja, skuli ya karibu na kwao Kiembe Samaki, mpaka darasa la saba. Ndege zikipita chini chini juu ya bati, mwalimu ananyamaza, na Shemsa anaitumia nafasi ile kutia kifungo kwenye sare ya mtu. Mama yake alikuwa mshoni, naye alianza kwa vifungo na pindo. Alipoolewa na Machano, mtu wa Tumbatu aliyekuwa fundi saa Darajani, akahamia mjini, Sokomuhogo, kwenye nyumba yenye ua katikati na ngazi ya mbao inayolia kila ukanyagapo.

Mungu hakuwajaalia mtoto. Waliishi hivyo miaka thelathini na moja, bwana na saa zake chini, bibi na cherehani yake juu, na kila mmoja akimsikia mwenziwe anavyofanya kazi. Mwanzo wa mwezi wa Mfunguo Nne Machano akaumwa siku tatu, ya nne akafariki. Shemsa akakaa eda.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mwanamke hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii wanja, na manukato hayaingii nyumbani kwake. Shemsa aliishika vizuri. Hata karafuu za kuweka kabatini alizitoa, akanipa niende nazo kwangu. Mimi nikawa mguu wake. Asubuhi napita sokoni, nampelekea samaki na ndizi, tunasoma Yaasin, tunapiga soga kidogo, narudi.

Sasa, nyumba inayoelekeana na yake, ng'ambo ya kichochoro, orofa ya juu ilikodiwa na kikundi cha vijana wa maigizo. Kichochoro chenyewe chembamba, ukinyoosha mkono dirishani karibu unashika upande wa pili. Walikuwa wanatayarisha mchezo wa kuimba, wameupa jina Hema Linalohama. Khabari yake ni ya watu wa sarakasi wanaotembea mji kwa mji na hema lao. Ndani ya hema mna bwana wa mazingaombwe na msichana anayempenda. Kila onyesho bwana anampoteza msichana mbele ya watu, na kila onyesho anamrudisha, mpaka siku moja anampoteza na hamuoni tena.

Mimi si mtu wa michezo, lakini sauti haziombi ruhusa. Walikuwa wakiimba baada ya Adhuhuri, saa ambayo Shemsa hujilaza. Dirisha lake limefungwa, la kwao limefungwa, na nyimbo zinapita vivyo hivyo, zimelainika, kama zinatoka chini ya maji. Uko mmoja msichana anauimba:

*Nishike nisipotee,*
*nikipotea usinitafute kwa macho.*

"Shoga," aliniambia siku moja, "nnaota mchana."

"Unaota nini?"

"Hema. Jeupe, limetundikwa juu ya mapaa, kutoka kwetu hapa mpaka mnara wa kanisa. Punda weupe wanatembea juu ya kamba za kuanikia nguo, wala hazikatiki. Na Machano amekaa mbele kabisa, amevaa kile kioo chake cha jichoni, anatafuta wanafanyaje."

"Kapata?"

"Naamka kabla."

Akasema hivyo bila huzuni, anatunga uzi kwenye sindano. Nami nikaona ndoto ile imemkalia vizuri kuliko dawa yoyote ningempelekea.

Wiki ya sita ya eda, hodi. Akaingia msichana wa miaka kama ishirini na mbili, amejifunga mtandio wa kijani, na nyuma yake mwanamke mnene mwenye uso wa furaha. Msichana ni Rukaiya, yeye ndiye aliyekuwa akiimba. Yule mwanamke ni shangazi yake, Bi Ulfat, anayeshika nguo zote za kikundi.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayenitoa usingizini?"

Rukaiya akaona haya. "Utusamehe, bibi."

"Nikusamehe nini? Ukichelewa nnakosa usingizi."

Shida yao ilikuwa gauni. Bwana wa mazingaombwe anamfunika msichana kwa shuka, anahesabu mpaka nne kwa kuimba, anaiachia shuka, na watu wanatakiwa waone gauni jekundu tupu limelala chini, mwenyewe hayumo. Maana yake gauni lote lifunguke kwa mvuto mmoja, lianguke chini ya shuka, msichana achomoke nyuma kwenye mpasuko wa pazia. Ndani yake amevaa kanzu nyeupe na suruali, kichwa kimefungwa, hana kilicho wazi ila uso na viganja. Hilo ndilo sharti la baba yake, Mzee Haroub wa Uroa.

"Kaka yangu kakubali kwa tabu," alieleza Bi Ulfat. "Kasema, nenda kaimbe, sauti kakupa Mungu. Lakini siku mwili wa mwanangu utakapoonekana mbele ya watu, nakuja kumchukua, na hatoimba tena hata maulidi. Na siku ya kwanza anakuja mwenyewe, atakaa mbele."

Rukaiya alikuwa anaishika ncha ya mtandio wake, anaizungusha kidoleni.

Shemsa akanitizama. Nilijua anauliza nini. Nikaenda kumuuliza ustadhi wa darsa yetu, akasema kazi ya mikono ndani ya nyumba yake haina ubaya, mradi asijipambe yeye. Basi akalikubali.

Siku kumi na mbili alilishona. Hariri nyekundu ya kung'aa, vioo vidogo vidogo kifuani, na yeye mwenyewe kavaa gauni la rangi ya jivu lisilo na hata ua moja. Nguo anazoshona huwa kabla hajazitoa anaziweka mabegani mwake mbele ya kioo. Hili hakuliweka. Alinisimamisha mimi.

"Simama wewe, shoga. Leo nikopeshe mabega."

"Na umri huu, nyekundu?"

"Usicheke, linakunjika."

Ufundi wake ulikuwa mgongoni. Kutoka shingoni mpaka pindoni alitia vitanzi vidogo, arubaini na viwili, kulia na kushoto, vinaingiana kama vidole, na katikati ya vitanzi hivyo amepitisha mshipi, ule wa nailoni wanaovulia samaki, mwembamba, hauonekani. Ukiuvuta ncha ya juu unachomoka wote kwa pigo moja, na gauni linafunguka pande mbili kama mlango. Niliuvuta mwenyewe. Likaanguka miguuni kwangu bila sauti, nikabaki nimesimama na baibui langu, nikahisi kama mimi ndiye niliyetoka kwenye kitu.

Nikawapelekea ng'ambo. Kesho yake gauni likarudi.

"Limekwama," alisema Rukaiya mlangoni. "Ayoub kavuta, halikufunguka." Ayoub ndiye kijana anayeigiza bwana wa mazingaombwe. "Ikabidi tuukate mshipi kwa mkasi nitoke."

Akanikabidhi gauni. Mimi nikapanda nalo darini kwangu kwanza, nikaliachia upepo na jua mpaka Alasiri, ndipo nikampelekea Shemsa. Akavikagua vitanzi kimoja kimoja, hakuona kosa. Akatia mshipi mpya, tukajaribu mara tano, likaanguka mara tano.

Nikalipeleka. Likakwama tena. Wakaukata tena mshipi, wakanirudishia, nikalianika tena, nikampelekea.

Hapo Shemsa akakaa siku nzima analigeuza gauni mikononi. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya onyesho.

"Nnataka nione kwa macho," akasema. "Siwezi kutoka. Waambie waje wacheze hapa."

Basi sarakasi ikaja nyumbani kwa mwenye eda. Tuliwaita asubuhi, wanawake tu. Rukaiya kavaa gauni, Bi Ulfat kashika shuka upande mmoja, jirani kashika upande wa pili. Ayoub, kwa kuwa ni mwanamme, hakuingia. Alikaa nje barazani, mlango umeachwa wazi kiasi cha kiganja, aimbe hesabu yake kutoka huko. Ikabaki nani avute mshipi.

"Nani mwengine?" alisema Shemsa, ananionyesha mimi.

"Bwana Mazingaombwe leo kavaa baibui!" Bi Ulfat akacheka mpaka shuka ikamponyoka.

"Mimi sijui mazingaombwe, astaghfirullah."

"Wala Ayoub hajui," alisema Rukaiya. "Anavuta tu."

"Nimesikia hayo!" ilitoka sauti barazani.

Ua ule una kisima cha zamani kilichofunikwa mbao, na juu ni mraba wa mbingu. Saa nne ya asubuhi jua lilikuwa limefika nusu ya ukuta. Ayoub akaanza kuimba huko nje, polepole, na sauti ikaingia kupitia ule ufa wa mlango na kuzunguka ukutani kabla haijatufikia. Moja, msichana akafumba macho. Mbili, shuka ikapanda. Tatu, nikaushika mshipi. Nne, nikavuta.

Shuka ikaanguka. Gauni jekundu lilikuwa limelala juu ya mawe, vioo vyake vimetupa vidoa vya mwanga kila mahali, kwenye ngazi, kwenye nyuso zetu. Rukaiya hayupo. Mimi niliyevuta, ninayejua kila kitanzi, nilimtafuta kwa macho. Kisha tukamsikia anaimba nyuma ya pazia la jikoni.

Tulirudia mara nne, na mara zote vile vile.

"Sasa huko kwenu mnafanya nini?" Shemsa aliuliza.

"Hivi hivi," Rukaiya alisema. "Wallahi, Bi Shemsa, hivi hivi."

Wakaondoka na furaha, wanaamini shetani aliyelikwamisha gauni kaondoka. Shemsa hakufurahi. Jambo linalokubali hapa na kukataa pale, alisema, lina sababu yake, na sababu haijaonekana.

Siku tatu kabla ya onyesho wakafanya majaribio makubwa Ngome Kongwe, hapo hapo patakapochezwa, penye ngazi za mawe wanapokaa watazamaji. Mimi nilikuwa kwa Shemsa, tunachambua mchele. Kidogo tukasikia ngazi inalia kwa kishindo. Rukaiya akaingia bila hodi, anatweta, gauni kalikumbatia kifuani. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imechanika kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, kajifunika kwa kanga.

"Halikufunguka," akasema. "Ayoub akavuta kwa nguvu, likashika kanzu, ikachanika na shuka imeshaanguka. Wameniona mkono wote. Leo ni wenzangu tu. Alhamisi atakuwepo baba." Akakaa sakafuni. "Nitamwambia asije. Au nitasema nnaumwa. Mchezo utolewe kile kipande."

Shemsa akanyoosha mikono ampokee gauni. Lilipofika karibu, akageuza uso pembeni kama mtu aliyemulikwa na taa.

"Nani kalifukiza hili?"

"Shangazi," alisema Rukaiya. "Kila siku analifukiza kabla sijavaa. Udi na ubani. Anasema nguo nyekundu kama ya bibi harusi haivaliwi kavu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ila siku ile tulipokuja hapa. Alisema nyumba ina eda, si adabu."

Harufu ile naijua. Nilikuwa nikiisikia kila gauni linaporudi, na ndiyo sababu nikipanda nalo darini. Sikutaka mwenzangu aletewe udi naye yuko kwenye eda. Nilidhani namhifadhi, kumbe nilikuwa namfichia.

"Shoga, ni mimi," nikamwambia. "Nilikuwa nalianika."

"Ulifanya vizuri," akasema. "Lakini ungeniambia."

Akaniomba nilishike mimi, nilisogeze dirishani, nimtolee kile kipande cha mshipi kilichobaki kwenye vitanzi, maana mara hii hawakuwa wameukata na kuutupa, ulikatikia humo Ayoub alipovuta, Rukaiya akakimbia nao. Nikautoa kwa kibano, kidogo kidogo. Ulikuwa umejikunja kama nywele zilizokaribia moto, na unanata. Nailoni na makaa! Bi Ulfat, kwa mapenzi yake, alikuwa analitandaza gauni juu ya chetezo, mgongo chini, mpaka liwe na joto na harufu ya harusi. Mshipi ukalainika, ukajikunja ndani ya vitanzi, ukapoa vile vile. Na moshi wa ubani ukaongezea gundi.

Bi Ulfat alipokuja akalia. "Nataka apendeze," alisema. "Mama yake hayupo. Nani amfukizie kama si mimi?"

"Hakuna anayekukataza," Shemsa alimwambia. "Fukiza kanzu nyeupe. Fukiza kilemba. Hizo ndizo zake. Gauni ni la hema, liache kavu."

Nailoni hakuitaka tena. Alichukua uzi wa pamba, ule tunaoshonea kofia, akasuka nyuzi tatu kuwa moja, akaupaka nta ya nyuki mpaka ukateleza kama mchirizi wa mafuta. Mimi nililipeleka gauni darini mara ya mwisho, likakaa jua la siku mbili. Kanzu akaishona mpya, tena akaitia kipande cha pili cha kitambaa mabegani, ikiwa lolote litatokea mwili usionekane. Hatukupata muda wa kujaribu zaidi ya mara mbili. Na Rukaiya alikuwa haamini. Mtu akishaogopa kitu, kukiona kinakwenda mara mbili hakumtoshi.

"Kama halikufunguka," alimwambia Shemsa usiku wa kuamkia, kwenye simu, nami nimekaa karibu, "nifanye nini?"

"Simama pale pale. Usilivute. Imba tu. Umesitirika, ndani nimekushonea mara mbili, hata likibaki begani hawataona kitu ila nguo nyeupe."

Alhamisi, baada ya Alasiri, nilikwenda peke yangu. Nilivaa baibui langu jeusi la Idi, nikakaa upande wa wanawake, ngazi ya tatu. Mzee Haroub nilimjua kwa kofia na fimbo. Alikaa mbele kabisa, mikono juu ya fimbo, haangalii kulia wala kushoto. Watu walijaa, na watoto wengi, maana waliuweka mapema ili umalizike kabla ya Magharibi.

Sina elimu ya kuuelezea mchezo wote. Kulikuwa na hema la vitambaa vilivyoshonwa viraka, mwanamme mmoja anatembea kwa miguu ya miti, ngoma, zumari. Nilikuwa nimezizoea nyimbo kwa jinsi zilivyokuwa zikipita ukutani, na pale nilipozisikia wazi zilinishangaza, kama kumuona mtu bila pazia. Kisha Rukaiya akatoka na gauni jekundu, na jua la jioni likaingia kwenye vile vioo. Watoto wakasema "Aaah!"

Ayoub akamfunika. Nilianza kusoma Ayatul Kursiyyu. Moja. Mbili. Nilikuwa nimelishika jiwe nililokalia. Tatu. Nne.

Shuka ikaanguka, na gauni lilikuwa chini, tupu.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha sauti yake ikatoka juu nyuma yetu, na sote tukageuka, naye, kumbe kazunguka nyuma ya ukuta, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu kabisa, mweupe, kafungwa kichwa, hakuna kinachoonekana ila uso na viganja. Nilimtizama Mzee Haroub. Alikuwa amegeuka kama wengine, kofia imemkaa upande, na mdomo wazi.

Mchezo ulipokwisha sikukawia. Nilifika Sokomuhogo adhana ya Magharibi inatoka, tukasali pamoja, na kabla sijakunja mswala akasema:

"Kasitirika?"

"Kasitirika. Na baba yake, Bi Ulfat alipotukutanisha mlangoni, kaniuliza nani kashona. Kasema wakienda Pemba na mchezo wao, mwanawe aende."

"Alhamdulillahi." Akafunga macho kidogo. Kisha akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta mto. "Haya, nipe kwa mpango. Anza mwanzo."

Nikaanza. Hema, miguu ya miti, zumari. Kila wimbo nikiutaja yeye anaumalizia, na kunisahihisha. Tukafika kwenye gauni, akanitaka nirudie lilivyoanguka, likaangukia upande gani, pindo lilikaaje. Nikamweleza yote.

"Na baada ya hapo? Yule bwana akishaona kampoteza kweli, anafanyaje? Pale anapoimba peke yake. Hapo huwa sauti yake inakatika, nami sijui ni kuigiza au analia. Alilia?"

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nnalitizama gauni."

"Shoga!"

"Lilikuwa limelala pale chini, nikaogopa watalikanyaga."

"Mji mzima nimekutuma wewe ukanitizamie, umekwenda kutizama nguo niliyoishona mwenyewe?" Akanipiga na ncha ya mtandio wake, anacheka, machozi yanamtoka, nami pia. "Hata! Kesho unarudi. Na ukae mbele. Na gauni usiliangalie kabisa, mtizame mwanamme."

Basi Ijumaa, baada ya Alasiri, nikavaa tena baibui langu la Idi.